Wekundu wa kisima si zebaki

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Kisima cha kupampu cha shule yake kiko kama hatua 300 kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Asubuhi maji hutoka mekundu, yana ladha ya chuma, na chai ikipikwa inakuwa nyeusi kama wino. Wazazi wanasema ni zebaki ya wachimbaji, na baadhi yao wameanza kuwatuma watoto kuchota kwenye chemchemi ya bondeni. Tena, tangu zije mashine za kuvuta maji mashimoni, kila Januari kisima kinakaribia kukauka. Anauliza: je, maji yetu yana zebaki, na tufanye nini?

Mwalimu, nianze na jibu, maelezo yafuate. Huo wekundu ni kutu. Zebaki ikiwa ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Na chai yako imeshajibu nusu ya swali: majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi. Wazee wa zamani wa Ulaya walitengeneza wino wa vitabu kwa njia hiyohiyo. Zebaki haina mchezo huo.

Lakini tafadhali usirudi kwa wazazi ukawaambia maji ni salama. Hilo sijalisema. Nimesema tu kwamba mnachokiona sicho cha kuogopa, na pengine cha kuogopa hamkioni. Kwa hali uliyoeleza, mambo matatu yananinyima raha kuliko kutu: ile chemchemi ya bondeni, aseniki (sumu itokayo mwambani), na moshi wa mahali dhahabu inapochomwa. Ila kutu tukimalize kwanza, maana kina dawa na dawa yake unaweza kuianza kesho.

Kesho asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa mkono wa pampu, chukua chupa mbili za kioo zisizo na rangi. Jaza ya kwanza kwa maji ya mwanzo kabisa. Kisha waache watu wachote kama kawaida, wewe hesabu jerikani. Zikifika 15 au 20 za lita 20, jaza chupa ya pili. Ziweke zote mbili wazi juu ya meza kwa saa mbili hivi, kwa sababu chuma kilichotoka mwambani kinaweza kutoka kikiwa kimeyeyuka, maji yakionekana safi, kikageuka chekundu baada ya kukutana na hewa. Ikiwa chupa ya kwanza ni nyekundu na ya pili imebaki nyeupe, kosa liko kwenye mabomba yaliyozama ndani ya kisima: maji yamelala humo usiku kucha yakila chuma. Ikiwa zote mbili zimekuwa nyekundu sawasawa, basi chuma kinatoka kwenye mwamba wenyewe.

Nikilazimishwa kubashiri, nabashiri mabomba. Kwa miaka mingi visima vyetu vilifungwa mabomba ya chuma kilichopakwa zinki, yale mafundi huyaita GI. Maji ya ardhini katika miamba yetu ya kale mara nyingi yana uchachu kidogo, na pH (kipimo kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi) ikishuka chini ya 6.5 ule mpako wa zinki hauna maisha. Ukiisha, chuma kitupu kinabaki kuliwa. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo, visima vifungwe vya chuma kisichoshika kutu au vya plastiki. Kwa hiyo kamati ya maji ikichanga pesa, ichangie mabomba, isichangie kuchimba kisima kipya. Na fundi akileta "stenlesi", mwekee sumaku. Chuma bora cha aina hiyo sumaku haikikamati, au hukishika kwa unyonge sana. Ikiganda kwa nguvu, mwambie fundi apakie mzigo wake kwenye boda arudi nao.

Sasa zebaki. Wachimbaji wenu husaga mawe, huyaosha, kisha kwenye karai huchanganya mchanga mzito uliobaki na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Wanakamua kwa kitambaa, inabaki donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa donge hilo ni zebaki. Donge linawekwa juu ya moto wa mkaa, mara nyingi kwenye kipande cha bati au kijiko kikubwa, na baada ya dakika chache linageuka njano. Wengi huishia hapo katika kusimulia, kwa kuwa macho yao yako kwenye dhahabu. Ile nusu nyingine imekwenda wapi? Imepaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na jiko la mkaa halisumbuki kufika hapo. Imeingia kwenye mapafu ya mchomaji, ya mkewe anayepika pembeni, ya mtoto aliye mgongoni, na iliyobaki imetua kwenye kuta, kwenye nguo na juu ya paa.

Ndiyo maana nasema zebaki ya dhahabu huwafikia watu kwa pua kwanza, na kwa samaki baadaye. Ile inayomwagika na mchanga wa kuoshea ni nzito mara 13 kuliko maji, haipendi kuyeyuka, na hung'ang'ania udongo, matope na majani yaliyooza. Mvua huisukuma pamoja na tope hadi kwenye vijito na vinamasi. Huko, kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, nayo hupanda kutoka kwa vijidudu hadi samaki wadogo, hadi samaki wanaokula samaki. Kwa kawaida mbuta (sangara) mkubwa hubeba nyingi kuliko mukene (dagaa). Kupenya mita kadhaa za udongo mwekundu na mfinyanzi hadi ndani ya kisima chenu ni safari ngumu kwake.

Kuna hali moja inayovunja maneno yangu haya, na nakuomba uichunguze kwa macho yako. Uliza kama kuna mtu amejenga matangi ya saruji au mabwawa yaliyotandikwa plastiki, akinunua mchanga uliokwisha kuoshwa ili akamue dhahabu iliyobaki kwa sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Mchanga huo bado una zebaki. Sianidi ikikutana na zebaki huishika na kuifanya iyeyuke, na hapo inaweza kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2019, unaitaja kazi hiyo miongoni mwa zile mbaya kupita zote zinazotakiwa kukomeshwa, pamoja na kuchoma donge bila kulifunika na kulichoma kwenye makazi ya watu. Kama matangi hayo yapo juu ya mteremko kuelekea kwenu, zebaki iingie kwenye orodha ya kupimwa. Kama hayapo, mimi pesa yenu ndogo ningeielekeza kwa aseniki.

Hapa niruhusu niingie kwenye mwamba, maana ndiyo kazi yangu na sipati nafasi mara nyingi.

Miamba ya Busia ni ya ukanda uleule wa kale, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, unaotokea pia Kakamega na Migori nchini Kenya na kushuka hadi Geita, Tanzania. Mpaka wa Busia ni wa watu na malori. Mwamba haujui forodha. Dhahabu yake ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kutoka chini kupitia nyufa, yakaacha mishipa ya mawe meupe ya kwazi. Maji hayo hayakuleta dhahabu peke yake. Yalileta salfa, chuma, wakati mwingine risasi, na mara nyingi katika ukanda wa aina hii, aseniki, iliyofungwa ndani ya jiwe linaloitwa asenopairiti: chuma, aseniki na salfa katika fuwele moja inayong'aa kama fedha. Likigongwa kwa nyundo linatoa harufu ya kitunguu saumu. Waulize wachimbaji wako, watakuwa wanaijua harufu hiyo hata kama jina hawalijui. Ila usimtume mtoto akajaribu.

Jiwe hilo likiwa chini, gizani, limezama majini bila hewa, halina neno na mtu. Likipandishwa juu, likasagwa unga, likaachwa kwenye lundo mvua inalinyeshea, hewa na maji hulifungua, na aseniki hutoka. Migori, watafiti wa Kenya walipima risasi, aseniki na zebaki kwenye machimbo, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Mwamba wenu ni ndugu wa ule. Kasese, magharibi mwa Uganda, nako tuna somo letu wenyewe: mgodi wa shaba wa Kilembe ulifunguliwa mwaka 1956, kazi ikazimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo mafuriko ya mto Nyamwamba bado yanayasomba yale mabaki. Mchimbaji huondoka, lundo hubaki likifanya kazi yake.

Aseniki nayo haina rangi wala ladha. Bangladesh watu walichimbiwa visima vya bomba ili waachane na maji machafu ya madimbwi, maji yakatoka maangavu kabisa, na katika miaka ya 1990 ndipo ikagundulika kwamba mamilioni walikuwa wakinywa aseniki. Madhara yake huchukua miaka: madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo kuwa vigumu, kisha saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaongeza tu ukali wake, maana maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Sasa kutu chenu kinarudi kwenye hadithi. Kutu hupenda kukamata aseniki, na nililijua hilo kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikusanya maji ya visima katika kijiji kimoja cha wachimbaji, nikayatia kwenye chupa za maji za dukani, nikazunguka nazo kwenye gari siku nne kwenye jua. Zilipofika maabara, chini ya kila chupa palikuwa na unga wa rangi ya machungwa. Mpimaji akamimina maji ya juu akapima. Aseniki: hakuna. Nikaenda kwa msimamizi wangu nikiwa nimeshaandika kichwani ripoti ya habari njema. Akachukua chupa moja, akaitikisa mbele ya pua yangu mpaka ikawa kama supu, akaniuliza, "Na huu unga umemwachia nani?" Tukatia asidi, unga ukayeyuka, tukapima tena, na aseniki ikajitokeza. Ilikuwa imekaa pale chini muda wote, imekumbatiwa na kutu. Kijiji kizima nilikuwa karibu nikitangazie usalama kwa sababu ya chupa.

Kwa hiyo ukienda kupima, usinunue chupa. Nenda kwa ofisa wa maji wa wilaya, au uandikie maabara ya taifa ya maji iliyoko Entebbe, waombe chupa zao zenye matone ya asidi ya naitriki, na uwaambie wazi kwamba maji yenu yana chuma kingi. Wao ndio watakaoamua nini kichujwe na nini kisichujwe. Zebaki, kama mtaipima, ina chupa yake na dawa yake tofauti. Kwenye plastiki ya kawaida hujipaka ukutani au kutoroka. pH ipimwe palepale kisimani, kwani hubadilika njiani. Chukueni maji ya asubuhi ya kwanza, maji ya baada ya jerikani 20, na maji ya kisima kingine kilicho mbali na juu ya machimbo, kiwe cha kulinganisha. Bila hicho cha tatu hamtajua kama mnalaumu wachimbaji au mnalaumu mwamba ulioumbwa hivyo. Na ikiwezekana mpime mara mbili: ukavu wa Januari au Februari, na tena wiki chache baada ya mvua kubwa za Machi kuanza. Nitaeleza kwa nini.

Mashimo yanapovutwa maji, kiwango cha maji ya ardhini kinazama kulizunguka shimo. Kwenye mchanga kingezama kwa duara nzuri kama sahani. Kwenye mwamba wenu hapana. Maji hukaa kwenye nyufa, na kinachovutwa ni ufa mzima kwa urefu wake. Dhahabu na maji hupenda nyufa zilezile: mchimbaji anaufuata mshipa wa kwazi, na mchimba visima naye alipokuja na vifaa vyake alitafuta mahali mwamba ulipovunjika. Inawezekana wote wawili wamepiga ufa mmoja, mmoja kwenye kichwa na mwingine kwenye mkia. Simama kwenye ukingo wa eneo la machimbo, mbali na mdomo wa shimo, uangalie mashimo yalivyojipanga. Kwa kawaida yamepangwa kama shanga kwenye uzi. Vuta uzi huo kwa macho. Ukielekea shuleni kwako, hatua 300 ni karibu mno. Ukipita pembeni kabisa, kisima cha jirani aliye mbali kuliko wewe kinaweza kuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Na maji yakizama, hewa huingia kwenye nyufa zilizokuwa zimejaa. Yale mawe ya salfa yanaanza kuoza hukohuko chini. Mvua zikija maji yanapanda, yanaosha kilichooza, na ndipo kisima kinaweza kupata mkupuo mbaya. Ndiyo sababu ya kupima mara ya pili.

Ushahidi wa kukauka mnaweza kuutengeneza wenyewe bila shilingi. Kila Ijumaa, saa ileile, mwanafunzi mmoja ahesabu mipigo ya pampu mpaka maji ya kwanza yatoke, na mwingine apime sekunde za kujaza jerikani ya lita 20. Muandike kwenye daftari, pamoja na siku mashine za mashimoni zilipokuwa zinaunguruma na siku zilipozimwa. Daftari la miezi sita mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na ofisa wa maji lina uzito kuliko kelele za mkutano. Wachimbaji nao si maadui: wengi ni wazazi wa watoto wenu hao hao, na sheria ya madini ya mwaka 2022 imewapa wachimbaji wadogo leseni yao, hivyo kuna mtu wa kukaa naye mezani. Kuhamisha mashine kidogo, au kupokezana siku za kuvuta, ni jambo la kuzungumzika.

Ile chemchemi, basi. Iko bondeni, chini ya kambi ambayo kwa uzoefu wangu wa kambi za dhahabu ina vyoo vichache na watu wengi. Maji yake ni meupe na matamu kwa sababu hayana chuma, na watoto wanayapenda. Lakini kinyesi hufika kwenye maji ya juujuu kama hayo kwa urahisi kuliko zebaki itakavyowahi kufika kwenye kisima chenu, na kuhara huua mtoto wiki hii, hakungoji miaka. Mpaka majibu yatoke, ningewaruhusu wanywe maji ya kisima baada ya jerikani za kwanza kutumika kufulia na kuogea, na ya chemchemi yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini. Vipimo vya E. koli (bakteria wa kinyesi) na naitreti vifanyike kwenye vyanzo vyote viwili. Ni vya bei ya chini kuliko vya metali.

Kama shule ina paa la bati, fanyeni mwafaka na mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua linamwaga hadi lita 1,000. Ila maji ya dakika za mwanzo yamwagwe, hasa mvua ya kwanza baada ya ukavu, kwa sababu kama kuna anayechoma donge jirani, kilichopaa kimetua juu ya bati lenu. Na vinu vya kusaga mawe visikae karibu na madarasa. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi iliyokuwa kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa kwenye nyua za nyumba. Iliwaua kwa vumbi.

Mchomaji naye akubali jambo moja dogo: retoti. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita kwenye maji baridi. Zebaki inapaa, inapoa, inarudi kuwa kimiminika, naye anaitumia tena badala ya kununua nyingine. Kwa mfanyabiashara anza na hiyo hesabu ya kununua, afya itafuata nyuma.

Ukipata majibu ya maabara niandikie. Na kabla hujaandika, safisha kile kibao cha saruji cha kisima kwa brashi: visima vingi vya serikali vina namba iliyochorwa hapo au kwenye kichwa cha pampu, ikianza na herufi DWD, za idara ya maji ya serikali. Nipe hiyo namba. Nikiipata naweza kuomba taarifa ya siku kisima kilipochimbwa, nione mwamba ulipasuka kwenye mita ya ngapi na maji yaliingilia wapi.